Mazoezi ya mapafu kwa mwenye mgongo uliopinda: yaliyonisaidia mimi

Dada, umeuliza kama kuna haja ya mdogo wako kwenda mazoezi ya mapafu kwa wiki 8, ilhali mgongo umepinda tangu utotoni na mwenyewe anasema mfupa hausikii mazoezi. Nitakujibu kwa urefu, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi, na yalinichelewesha miaka miwili.

Mgongo wangu ulianza kupinda nikiwa na miaka minne. Picha ya mwisho ya eksirei ilisoma mpindo wa nyuzi 92. Ukipinda mapema hivyo mapafu huathirika zaidi, kwa sababu vifuko vya hewa vinakuwa bado vinaongezeka huku mbavu zimeshaanza kuvibana. Kifua chetu ni kidogo na ni kigumu, kukitanua tu ni kazi. Mwili unakwepa kazi hiyo kwa kuvuta pumzi fupi fupi za haraka, na sehemu kubwa ya pumzi fupi huishia njiani bila kufika kwenye vifuko.

Kuhusu mfupa, mdogo wako amesema kweli. Wiki 8 hazikuninyoosha, na kipimo cha kupuliza, kinachoonyesha hewa ya mapafu, kilisoma karibu vile vile siku ya kwanza na ya mwisho. Kilichobadilika ni miguu. Nilikuwa naogopa kuhema, kwa hiyo nilikaa. Nikikaa, mapaja yanalegea. Msuli uliolegea unadai hewa nyingi kwa kazi ndogo, basi nikipanda ngazi chache nahema kuliko mwezi uliopita, nazidi kuogopa, nazidi kukaa. Hapo ndipo programu inapoingia: inaifundisha misuli kufanya kazi ile ile kwa hewa kidogo. Mapafu unabaki nayo yale yale, ila yanakutosha.

Siku ya kwanza ni ya vipimo, na kuna kimoja ambacho ningependa umsimamie. Mimi walinisimamisha nimeegemea ukuta, nikanyoosha mikono pande zote mbili, wakapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Sababu ni kwamba hewa anayotarajiwa mtu kuwa nayo hukadiriwa kwa urefu wake, na sisi mgongo umetupunguzia urefu. Wakitumia kimo chake cha kusimama, mapafu yataonekana mazima kuliko yalivyo. Kabla ya hapo nilishawahi kuambiwa "huna tatizo kubwa" kwa hesabu ya namna hiyo, nami nikaamini.

Kisha kuna kutembea kwa dakika 6 kwenye korido, koni moja huku, nyingine kule, kifaa cha kupimia oksijeni kikiwa kidoleni. Unaruhusiwa kusimama ukichoka. Mimi nilisimama mara tatu, nikafika mita 270. Wiki ya nane nilifika mita 340, na nilisimama mara moja tu.

Mazoezi yenyewe yalikuwa mara mbili kwa wiki pale, na siku nyingine nyumbani. Kutembea dakika mbili, kupumzika moja, kurudia. Kuhema walinipima kwa namba, 0 mpaka 10, na walitaka nifike kama 4: nahema kweli, lakini sentensi fupi bado inatoka. Ilinichukua wiki tatu kuamini kwamba kuhema kwa namna hiyo hakuniumizi. Mikono ndiyo iliyonitesa zaidi. Misuli ya mabega na shingo tunaitumia kuvutia pumzi, hivyo ukiinua mikono kuanika nguo, unakuwa umeiibia pumzi wasaidizi wake. Walinifundisha kutoa pumzi wakati wa kuinua, na kuanza na kilo nusu tu.

Kuna pia zoezi la kupumulia upande uliobonyea. Katharina Schroth, Mjerumani ambaye mgongo wake mwenyewe ulipinda, alianza kufundisha kupumua kwa namna hiyo miaka ya 1920. Mtaalamu aliweka kiganja kwenye ubavu wangu wa kushoto, ule ulioingia ndani, akasema, "Vuta hewa uniinue mkono." Siku ya kwanza hakuna kilichosogea. Siku ya nne niliona vidole vyake vikipanda, kidogo kama unene wa sarafu, nikalia. Sikudai wala sidai kwamba zoezi hilo linatibu mkunjo. Lilinipa hisia ya upande ambao nilikuwa nimeusahau.

Sasa jambo ambalo nakuomba usilipitie haraka. Nilikuwa naamka na kichwa kinauma, natoka kitandani nimechoka kuliko nilivyolala, mchana nasinzia. Nilidhani ni mazoezi. Kumbe usiku pumzi yangu ilikuwa ndogo mno na kaboni dayoksaidi ilikuwa inajaa kwenye damu. Nililala na vipimo usiku mmoja, nikapewa mashine ya kusaidia kupumua yenye barakoa, ya kuvaa wakati wa kulala. Ndani ya wiki chache kichwa kiliacha kuuma, na mazoezi ambayo yalikuwa yamekwama yakaanza kusogea. Akiwa na dalili hizi, asikubali kupewa oksijeni peke yake ya usiku kabla kaboni dayoksaidi haijapimwa, kwa kuwa kwa watu kama sisi inaweza kuizidisha. Dawa za usingizi pia asijinunulie, zinapunguza pumzi.

Akivimba miguu, au oksijeni ikishuka sana anapotembea, amwone daktari kabla ya kuendelea. Chanjo za mafua na nimonia aziulizie, kifua chetu hakina akiba ya kupigana na maambukizi.

Muulize leo anaamkaje asubuhi, kichwa kikoje, halafu uniandikie hapa.