Mtoto anaanza bebi klasi Januari? Achana na a e i o u, anza na choo

Dada umeuliza binti yako wa miaka 3 na nusu anaanza bebi klasi Januari, hajawahi kukaa na mtu zaidi ya wewe na dada wa kazi, umfundishe nini kabla, na siku hiyo akilia urudi au ukaze roho. Mimi ni baba wa wawili, tunaishi Kinyerezi hapa Dar, mke wangu ni nesi anaingia shifti kwa hiyo kupeleka watoto shule mara nyingi ni mimi (fundi friji, muda najipangia mwenyewe). Wa kwanza nilimvurugia kabisa wiki zake za mwanzo, wa pili nilishapata akili, ntakusimulia wote wawili.

Yule wa kwanza, wa kiume, nilijiandaa kwelikweli. Nilinunua chati ya kubandika ukutani, a e i o u anaimba, moja hadi ishirini anafika, rangi anataja, nikawa najisemea huyu madam atanishukuru. Sasa nyumbani kwetu uani kuna tuta la mchicha, na kipindi namuachisha pampasi nilikua namtoa nje asubuhi namwambia haya twende tukamwagilie mchicha, na kweli anamwagilia (mama yake aliacha kuula ule mchicha ila hiyo mada nyingine). Basi neno likamkaa. Siku ya kwanza shule, kama saa 3 hivi, jamaa kamfuata madam kwa adabu zote, "madam nataka kumwagilia mchicha." Madam ana watoto karibu 30, nusu yao wanalia, akamjibu vizuri tu, mchicha tutamwagilia baadae baba, kaa kwanza tuimbe. Akaenda tena mara ya pili, akarudishwa. Mara ya tatu hakwenda, maana ilikua imeshashuka mpaka kwenye soksi. Mchana nakabidhiwa kaptula mbichi kwenye mfuko na madam ananiuliza kwa upole, samahani baba, nyumbani mnalima?

Yaani mtoto anaejua kuhesabu mpaka ishirini alikua hana neno la kuombea choo. Kwa hiyo dada kama nyumbani mna majina yenu ya kudekezana, susu, sijui kidudu, yaweke pembeni kuanzia leo. Mfundishe maneno ambayo mtu baki ataelewa, nataka kukojoa, nataka kwenda haja kubwa, tumbo linauma, fulani kanipiga. Na viungo vya siri vilevile avijue kwa majina yanayoeleweka, sio maua wala mapambo, maana siku Mungu apishie mbali mtu kamshika vibaya inabidi aweze kusema ikaeleweka. Hilo wazazi wengi tunaona aibu, mimi mwenyewe niliona aibu, mke wangu ndo aliniambia aibu yako haimsaidii mtoto.

Halafu choo chenyewe. Wengi tunawazoesha poti, au kile cha kukaa, shule wanakuta cha kuchuchumaa, tundu jeusi, maji ya kwenye ndoo, na mtoto anaogopa atadumbukia. Kuna watoto wanabana toka asubuhi mpaka wanarudi nyumbani, ndo unaona tumbo limekua gumu hujui kwa nini. Siku ya kwenda kulipa ada nenda nae, omba muone choo, mchuchumalie hapo hapo acheke. Kama nyumbani hamna cha hivyo mpeleke kwa jirani akazoee, hamna aibu kwenye hili.

Nguo. Jinzi yenye kifungo na mkanda inapendeza kwenye picha ya siku ya kwanza ila mtoto aliebanwa hana muda wa mkanda. Sare ya kike angalau sketi au gauni anapandisha tu, ila kama mnampa taiti ndani hakikisha anaivua na kuivaa mwenyewe. Viatu vya kubandika, kamba zitakuja baadae. Sweta andika jina kwa maka peni sehemu isiyofutika, sisi tulimaliza muhula na sweta la mtoto mwingine kabisa, kubwa, na la kwetu mpaka leo sijui liko wapi.

Chakula nacho kuna mtego. Yule wa kwanza kila siku chapati zake zinarudi kama zilivyokwenda, sisi tunadhani hana hamu, tunabadilisha, tunaweka maandazi, tunaweka viazi, vinarudi. Kumbe hotipoti nilikua naikaza mimi kwa mikono yangu ya spana na yeye hawezi kufungua, na anaona haya kusema. Sasa fanya hivi, wiki mbili kabla, saa 4 asubuhi mkalishe kwenye mkeka na begi lake na sare yake, mwambie haya muda wa kula, halafu kaa pembeni usiguse kitu. Utajionea mwenyewe, zipu ya begi, kifuniko, chupa ya maji, wapi anakwama. Binti yangu alikwama kwenye chupa ya maji tu, nikamnunulia ile ya mrija.

Hayo ya herufi waachie walimu dada, bebi klasi kazi yake ndo hiyo, na hata darasa la awali la shule za serikali lipo kwa ajili hiyo hiyo kabla ya la kwanza. Na yule mdau aliekujibu kabla yangu akashauri binti atafutiwe bweni aanze kujitegemea mapema, serikali ilishapiga marufuku bweni kuanzia awali mpaka la nne tangu 2023, kwa hiyo hilo halipo, na hata lingekuwepo, miaka 3 na nusu jamani.

Kingine muonye dada wa kazi. Wa kwetu alikua akizidiwa na utundu anamwambia subiri, Januari unaenda shule madam atakuchapa utanyooka. Mwezi mzima mtoto analishwa hofu ya madam halafu tunashangaa siku ya kumkabidhi kwa huyo huyo madam anaganda mlangoni kama kapelekwa polisi. Hata sisi wazazi tunasema hivyo bila kujisikia.

Sasa kuhusu kulia, ndo swali lako kubwa. Yule wa kwanza nilishauriwa pale pale getini, baba wewe akizubaa tu ondoka. Akazubaa kwenye bembea, nikateleza. Nilijiona mjanja mpaka nafika kwa mteja Segerea nafungua friji nikiwa na amani. Aisee nililipia ule ujanja. Wiki tatu mtoto hanipi nafasi, nikienda kuoga yuko mlangoni ananiita baba, baba, naitika huku nina povu machoni, usiku anashika fulana yangu kalala. Alijifunza kwamba ukigeuza shingo baba anapotea.

Wa pili nilimuaga. Nikachuchumaa nikamwambia mimi naondoka, utaimba, utakunywa uji, utacheza, mkimaliza kulala ukaamka ntakua nimekuja. Usimwambie saa 8, saa 8 kwake haina maana, mwambie baada ya nini. Akaangua kilio cha kunikata maini, nikaenda hivyo hivyo, sikurudi nyuma, maana ukirudi mara moja keshajua kilio kinafanya kazi na kesho ataongeza sauti. Nilikaa nyuma ya ukuta kama dakika kumi nasikiliza (mlinzi ananiangalia), kilio kikakata, akaanza kudai na yeye apewe mpira. Ila hapo kuna deni, ukisema ntakuja ukiamka basi uwepo akiamka. Wiki ile ya kwanza nilikataa kazi za mbali zote, hata ya Bunju yenye hela nzuri.

Mengine madogo, usiku walale mapema kuanzia sasa sio tarehe ya kufungua shule ndo mnaanza, hasa kama atapanda gari la shule alfajiri. Na mafua yatakuja mwezi wa kwanza, yatapokezana nyumba nzima, usishtuke.

Ah na kitu kimoja kilinisaidia, sijui kama kitafaa kwako. Nilikua na ufunguo wa kufuli la zamani, kufuli lenyewe lilishatupwa. Nikamfungia binti kwenye kamba ndani ya mfuko wa gauni nikamwambia huu ndo ufunguo wa nyumbani, unakaa nao wewe, kwa hiyo lazima nije kukuchukua la sivyo wote tutalala nje. Akikumbuka nyumbani anaushika. Siku ya tatu madam kanipigia saa 5 asubuhi, baba mnaweza kuja, mtoto anasema mama yake ametoka shifti na yuko nje hana ufunguo.