Muulizeni na mwenyeji

Swali lenu la wiki hii: mtu akienda likizo mjini, akodi gari au asikodi? Naona mmewauliza wasafiri. Sisi tunaofikiwa na wageni hatukuulizwa, na gari likishakodiwa ni sisi tunaolitafutia pa kulala.

Mimi nakaa Kibokoni, Mji wa Kale, na jibu langu ni asikodi. Mombasa ni kisiwa, tena si kikubwa. Kutoka Mapembeni hadi Fort Jesus unakwenda kwa miguu huku unatafuna mihogo. Tuktuk ziko kila pembe, na mwenye kutaka kiyoyozi ataita teksi kwa simu. Anayekwenda Nyali au Bamburi atapanda matatu. Jioni atakwama kwenye foleni ya daraja la Nyali sawa na wenye magari, ila usukani ni wa mwingine, yeye atasinzia.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, haya yote anayajua. Huja na treni kutoka Nairobi, na kabla hajatupigia simu kwamba ameshuka Miritini, gari ameshakodi. Safari moja alichukua la viti saba, refu, jeupe, ndani linanukia upya. Alasiri akalipeleka Marikiti kununua iliki na bizari, vitu ambavyo ningemtuma mtoto akarudi maji ya chai hayajachemka. Kurudi, badala ya kuliacha barabarani akatembea, akafuata ramani ya simu. Ramani ikamwambia pinda, akapinda. Ramani itajuaje kwamba kwa jirani kuna harusi? Na harusi za kwetu hazina ukumbi: turubai hufungwa njiani, ukuta kwa ukuta, viti vikapangwa, masufuria yakateremshwa.

Akasimama mbele ya turubai. Nyuma yake tuktuk, nyuma ya tuktuk hamali na mkokoteni wa vitunguu, nyuma ya hamali pikipiki. Kina mama wa biriani wakamtazama kama mtu asiyealikwa aliyekuja na nyumba yake mgongoni.

Nilipoitwa nikamkuta mzee mmoja wa barazani ameshatua kikombe cha kahawa na kushika uongozi. “Lete, lete, lete… simama! Kata kulia! Kulia kwako, baba, si kulia kwangu!” Upande wa pili kijana anapiga kelele kushoto. Vioo vya pembeni vikakunjwa. Hamali akaombwa arudi nyuma, akauliza magunia yale nani atamsaidia kuyasukuma upya, hakuna aliyejibu. Tuktuk vijana waliinyanyua wakaigeuza kwa mikono, abiria yumo ndani ameshika ndoo yake ya samaki. Gari la viti saba halinyanyuliki.

Ikaadhiniwa magharibi. Wanaume wote wakaenda msikitini, mzee wa “lete” akiwa wa kwanza, wakamwacha shemeji peke yake na taa zinawaka. Kina mama wakamhurumia, wakampitishia sahani ya biriani dirishani. (Alisema hajawahi kula biriani tamu kama ile. Mimi nilikuwa nimempikia samaki wa kupaka, akalala bila kuliwa.) Baada ya swala wakarudi, wakaendelea palepale walipoachia, na ubavu wa gari ukakwaruzwa na ukuta wa matumbawe mpaka mwisho. Mtaa mzima uliisikia sauti ile. Ofisi iliyomkodisha ilikata kwenye amana yake pesa ambazo zingemzungusha kisiwani kwa tuktuk mpaka shule zifunguliwe. Bima ilikuwepo, naam, lakini karatasi ilisema kiasi fulani cha mwanzo ni juu ya mkodi, na karatasi ile nani aliisoma?

Nilitaka niishie hapa. Lakini mavyaa wangu, mama wa mume wangu, amenitaka nimsomee nilichoandika, na amenuna. “Mbona hujaandika safari ya Ukunda?”

Haya, niiandike. Mavyaa ana goti. Kwenda Ukunda, ng'ambo ya kusini, kwa dada yake, kwa njia yetu sisi, ni kushuka matatu pale Feri, usimame na umati, uteremke, uvuke kwa miguu bila kulipa, kisha uupande mlima wa Likoni ukatafute matatu nyingine. Mwenye goti hayawezi hayo. Kulipandisha gari kwenye feri nako kuna foleni yake. Lakini tangu 2024 barabara ya Dongo Kundu inafika hadi kusini, na shemeji alimchukua mlangoni (mlangoni maana yake barabara kubwa, siku hizi amejua), wakazunguka na Miritini, wakapita daraja la Mteza, refu kupita kilomita moja, mikoko chini, wakaibukia barabara ya Lunga Lunga bila kuiona feri. Mavyaa alitaka wasimame darajani apige picha. Alikataliwa, na hilo hajalisahau.

Sasa nasema nini? Nasema kodi, lakini siku ya kutoka kisiwani tu, na uwe na mzee au watoto wadogo. Chukua gari dogo. Likiwa na dereva wake ndiyo bora zaidi. Lipige picha pande zote kabla ya kutia saini, na uulize likikwaruzwa utalipa kiasi gani, bima au si bima. Siku nyingine mwachie mwenyewe gari lake. Aliyefikia hoteli ya Nyali yenye maegesho pengine hesabu yake ni nyingine, sijui, mimi sijawahi kuwa mgeni hapa.

Ila kama ni Ramadhani, yafute yote hayo. Saa kumi na moja jioni kila mtu anakimbilia futari, na daraja la Nyali halitamjali mwenye gari wala mwenye tuktuk. Beba tende.