Bundi kwenye kitabu cha mtoto: uchuro au mlinzi?

Mkuu, umesema kitabu cha binti yako kina picha ya bundi karibu na kitanda cha mtoto, na mama mkwe anataka kitoke ndani ya nyumba. Pole. Hayohayo yalinikuta Tandika.

Nilimnunulia mpwa wangu kitabu cha mtumba pale Posta, cha Kiingereza, jalada limeshikwa na selotepu. Katikati kuna bundi kavaa miwani, katua kwenye ubao wa kitanda. Bibi yake alipomwona tu akakifunga: "Mnaniletea uchuro ndani?" Kwetu bundi akilia juu ya bati, watu wanaanza kukumbuka nani mtaani yuko hoi. Kwa Wazungu ni ndege wa hekima tangu enzi za Wagiriki, alikuwa wa mungu wao Athena, ndiyo maana wanamvisha miwani. Alama nazo zina kwao, kwa hiyo mchoraji hakukosea, na bibi pia hakukosea.

Ndiyo maana siku hizi alama naziweka kando kwanza, naangalia mwanga. Kwenye kile kitabu taa ilikuwa ya manjano, na bundi kakaa ndani ya mwanga uleule uliomfunika mtoto. Angechorwa gizani, macho tu yanawaka, ningekuwa upande wa bibi. Halafu nafasi: mtoto akiwa kadogo kwenye kona na ukuta mtupu umejaa ukurasa, huo ni upweke hata kama anacheka.

Kama una shaka kuhusu mwanga, tafuta Goodnight Moon, cha Marekani, 1947, michoro ya Clement Hurd. Chumba ni kilekile, ila kadiri unavyofunua kinazidi kufifia, na saa ya chumbani inasogea kutoka saa moja kamili hadi saa mbili na dakika kumi. Mtoto analegea macho bila kuambiwa lala. (Mimi mwenyewe nimeshasinzia nacho mkononi.)

Sasa cha ajabu, mpwa wangu wala hakuwa na habari na bundi. Kidole chake kilikuwa chini ya kitanda, kwenye ndala za mtu mzima ambazo mimi sikuziona kabisa. "Mama yake kaenda wapi? Mbona kaacha ndala?" Mama yake mwenyewe alikuwa Oman kikazi, mwaka wa pili huo. Nikageuza kurasa upya: kweli, kitabu kizima hakina mtu mzima hata mmoja. Bundi ndiye aliyebaki kumlinda.

Kwa hiyo kabla hujakitupa, muulize binti anatazama nini pale. Usimwonyeshe bundi, mwache aelekeze kidole mwenyewe.

Chetu kilibaki. Bibi alikata picha ya kuku kwenye kalenda ya zamani, akaibandika juu ya bundi kwa ugali. Miwani bado inachungulia juu ya kilemba cha kuku.