Maswali yenu: theluji ya Mbagala, simu za kuzima usiku, na intaneti ya Mei

Wiki hii maswali yamejaa na nusu yake ni lile lile moja, kwa hiyo naanza nalo tulimalize.

"Kaka, nimetumiwa picha kwenye grupu la familia, mwanga wa kijani angani, wanasema imepigwa Mbagala usiku wa jana. Ni kweli?"

Hapana. Ndugu yangu, hivi uliiangalia kabla hujaisambaza? Ina theluji. Theluji, Mbagala! Picha hiyo hiyo wengine wamenitumia wakisema ni Tabata, wengine Kimara. Aurora, yaani hiyo mianga ya rangi angani, ile ya kijani inatokea pale chembechembe zenye umeme kutoka kwenye jua zinapogonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 na kitu, na sumaku ya dunia inazielekeza kule karibu na ncha, sio huku. Kijani juu ya utosi wako ukiwa Dar hakuna. Futa, na aliyekutumia mwambie afute.

"Ina maana sisi huku hatuwezi kuiona kabisa? Niko Kigamboni, naona mianga baharini."

Afadhali, swali la maana. Kabisa kabisa siwezi kusema, manake Mei 1921 ilipiga dhoruba kubwa ya jua, yaani jua linaporusha chembechembe hizo kwa wingi kuja duniani, na watu wa Apia, Samoa, wakaiona, na Samoa iko nyuzi kama 14 tu kusini mwa ikweta. Ukihesabu kwa sumaku ya dunia badala ya ramani ya kawaida, wale hawajatuzidi sana, kwa sababu ikweta ya sumaku upande wetu inapita juu huko Ethiopia, kwa hiyo Dar tuko kusini zaidi kuliko ile nyuzi 6 na kitu inavyokudanganya. Septemba 1859 nayo, ile dhoruba iliyopewa jina la Carrington, mwanaastronomia wa Uingereza, aurora ilionekana mpaka Kuba na Hawaii, na mafundi wa telegrafu wengine wakapigwa shoti na mitambo yao.

Lakini hayo ni mambo ya nadra mno, na ikitokea usitegemee mapazia ya kijani yanacheza. Itakuwa wekundu hafifu, chini kabisa, upande wa KUSINI. Ile nyekundu inawaka juu sana, kilomita 200 kwenda mbele, ndo maana inaonekana kwa mbali. Mei 2024 dhoruba ilifika G5, ngazi ya mwisho, ya kwanza tangu Oktoba 2003, na Namibia wakaupata huo wekundu kwenye kamera zao. Sisi na taa zetu hizi, hata ungefika Dar nani angeuona? Hiyo mianga yako ya baharini usiku wa giza, kawaulize kwanza wavuvi wa dagaa na karabai zao.

"Tunaambiwa tuzime simu leo saa 6:30 usiku hadi 9:30, miale ya kosmiki inapita, NASA na BBC wamethibitisha."

Jamani. Huu ujumbe ni mzee kuliko simu uliyoisomea. Leo ipi? Hauna tarehe, ndo ujanja wake, kila siku ni leo. Miale ya kosmiki, yaani chembechembe zenye nguvu zinazotoka anga za mbali, inatupiga mchana na usiku tangu dunia iwepo, na anga na sumaku ya dunia vinaipunguza makali. NASA hawajathibitisha chochote. Na anayekutumia haya ndo huyo huyo kesho atakutumia majani ya kuponya kisukari kwa siku tatu, na wewe utampelekea mama, kuwa makini.

"Mimi ni fundi kompyuta, Ubungo. Mei 2024 intaneti ilikata mara tu baada ya dhoruba ya jua. Bado utasema havihusiani?"

Bado. Dhoruba ilikuwa tarehe 10 na 11, intaneti ikazingua Jumapili ya tarehe 12, na kilichoharibika ni nyaya za baharini, EASSy na Seacom, kule kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Wiki moja kabla tulipigwa na kimbunga Hidaya, mbona hamkusema Hidaya ndo kaleta aurora?

Dhoruba ya jua ina madhara yake na hayo ndo ningependa muulize. Machi 1989 ilizima umeme Quebec, Kanada, watu kama milioni 6 wakakaa giza saa 9 hivi. Hiyo ya Mei 2024 iliyumbisha GPS mpaka wakulima Marekani wakasimamisha matrekta katikati ya msimu wa kupanda. Na sisi tulio karibu na ikweta GPS huwa inacheza baada ya jua kuzama, hasa Machi na Septemba, hata bila dhoruba kubwa. Kwa hiyo mpimaji akija na GPS kukupimia kiwanja jioni jioni wakati kuna dhoruba, mwambie arudi asubuhi hali ikitulia, migogoro ya mipaka tunayo ya kutosha.

"Mwanangu, jua likichafuka hivyo joto la Dar linaongezeka?"

Hapana mama. Joto lile ni letu wenyewe. Ila wajukuu wakitaka kuangalia madoa ya jua kwa filamu ya eksirei au miwani ya mtindo, wakataze, macho hayana spea.

"Ni dalili ya mwisho wa dunia?"

Muulize shehe au mchungaji wako. Jua huchachamaa kila miaka 11 hivi na bado tunalipa kodi ya nyumba.

"Nimechanga hela, naenda Tromsø, Norwei, mwezi wa sita kuona aurora. Ushauri?"

Mwezi wa sita kule jua halizami, sasa utaiona kwenye usiku gani? Sogeza tiketi, iwe kati ya Septemba na Machi. Halafu usiende na matarajio ya picha za mtandaoni, kamera inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na jicho haliwezi, kuna siku utaona kama wingu la kijivu tu hadi uinue simu. Na nunua jaketi la baridi ukifika huko huko, hayo ya kuendeshea bodaboda hayatakufikisha hata mlangoni.