Binti Yetu Amekataa Gauni la Sherehe

SWALI

Mhariri, shikamoo. Nakuandikia kutoka Rau, Moshi. Mimi na mume wangu tuliishi Marekani kwa miaka mingi, na tukiwa huko, mwaka 2015, tulimwasili binti kutoka Ethiopia akiwa na umri wa miaka miwili. Hati zake zinaonyesha kwamba alizaliwa Wolayta, kusini mwa Ethiopia. Sasa tumerudi nyumbani, naye yuko shule ya msingi hapa mjini. Kila tarehe 11 Septemba, siku ya mwaka mpya wa Ethiopia, tulizoea kupika injera, mkate wao mwembamba mchachu, na kumvika gauni jeupe lenye tarizi. Mwaka jana alikataa kulivaa, akasema mbele ya wageni kwamba yeye si Mwethiopia. Mume wangu anaona jambo hili tuliache kabisa. Mama mkwe anasema mtoto amekwisha kupewa jina la ukoo, yeye ni Mchaga, na kumkumbusha alikotoka ni kumfukuza kwa heshima. Mimi nahofia kwamba siku moja atatuuliza kwa nini tulimnyima kilicho chake. Tufanye nini?

JIBU

Marahaba, mama. Msichana anayekaribia kubalehe akivikwa nguo ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeivaa, tena mbele ya wageni waliokuja kumtazama, anachokikataa kwanza ni kutazamwa. Katika barua yako sioni ushahidi kwamba anaikataa asili yake. Naona siku moja ya mwaka ambayo yeye huwa maonyesho, kisha miezi mingi ambayo huenda Ethiopia haitajwi kwenu isipokuwa kwenye taarifa ya habari.

Hiyo taarifa ya habari ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko gauni. Mkoa wenu uko kwenye njia wanayopita vijana wa Kiethiopia, wengi wao kutoka kusini mwa nchi hiyo, wanaovuka Kenya na Tanzania kwa nia ya kufika Afrika Kusini. Mara kwa mara tunasikia kwamba wamekamatwa, na mwaka 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kusafirishwa wakiwa wamesongamana ndani ya lori. Mtoto anasikia redioni maneno "wahamiaji haramu wa Ethiopia", anasikia mzaha wake kwenye daladala, kisha anawaona wazazi wake wamenyamaza, na ukimya huo anautafsiri mwenyewe. Habari ya namna hiyo ikisomwa, semeni papo hapo, kwa sauti ya kawaida, kwamba hao ni watoto wa watu waliotoka kwao kutafuta kazi, na kwamba baadhi yao wametoka maeneo ya jirani na alikozaliwa yeye. Mgeni au ndugu akitania, mzuieni binti akiwa anasikia, hata kama ni mjomba mwenye heshima zake.

Sasa injera. Ethiopia ina makabila zaidi ya 80, na mlichokuwa mkimwandalia kila Septemba ni kile kinachopatikana kwenye migahawa ya ughaibuni, ambacho asili yake kubwa ni nyanda za juu za kaskazini na Addis Ababa. Wawolayta nao hula injera, lakini mmea uliowalea ni enset, ndugu wa mgomba asiyetoa ndizi za kuliwa. Shina lake huparuliwa, tunguu lake hupondwa, vyote hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani mpaka vichachuke, na donge linalopatikana huokwa kuwa mkate mzito uitwao kocho. Kitambaa chao cha fahari ni dunguza, chenye milia myekundu, ya njano na myeusi. Mwaka mpya wao, Gifaata, nao husherehekewa Septemba. Lugha yao huandikwa kwa herufi hizi hizi tunazoandikia Kiswahili, kwa hiyo binti akitaka kujifunza maamkizi machache hatalazimika kuanza na herufi za Kiamhara.

Utaona basi kwamba mtoto aliyetoka nchi ya enset na kahawa amekuja kulelewa kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Mama mkwe wako, ambaye barua yako inamtaja kama kikwazo, ndiye mwenye zana zote. Kusini mwa Ethiopia watu wengi huchemsha majani ya mbuni pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili wakanywa kama sisi tunavyokunywa chai. Mwombeni bibi achume majani hayo na mjukuu wake, mjaribu jikoni. Yakiwa machungu, cheka naye. Jumapili kaangeni kahawa kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, punje zikianza kupasuka na kutoa mafuta mzipitishe mbele ya waliokaa ili kila mmoja anuse moshi wake, kisha mtwange, mchemshe na kumimina mara tatu kama ilivyo desturi ya Ethiopia. Baba anywe, bibi anywe, jirani aliyepita akaribishwe. Jambo likiwa la nyumba nzima, hakuna anayelazimika kulibeba peke yake.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji maandalizi yoyote. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko, kwa hiyo saa moja asubuhi ya Moshi ndiyo saa moja asubuhi ya Wolayta. Mwambieni siku moja akiwa anajiandaa kwenda shule. Mtoto aliyepitia Marekani atalifurahia.

Kuhusu jina, bibi ana haki ya kumpa mjukuu jina la ukoo na sioni sababu ya kugombana naye. Lakini kwa kawaida Waethiopia hawatumii jina la ukoo. Jina la pili la mtu ni jina la baba yake. Kama jina hilo bado limo katika hati zake za kwanza, mjue kwamba huenda ndiyo alama pekee ya baba yake mzazi mliyo nayo. Mwelezeni bibi hivyo hivyo. Mzee wa Kichaga anajua uzito wa jina la baba, na nadhani atalielewa kuliko hoja yoyote ya kitaalamu.

Mume wako anahofia kwamba mtoto atajiona mgeni, nayo ni hofu ya upendo. Hata hivyo, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, unataka mtoto anayelelewa nje ya familia yake ya asili azingatiwe kabila lake, dini yake, utamaduni wake na lugha yake, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasema karibu hivyo hivyo. Waliouandika hawakudhani kwamba malezi mapya ni hafifu.

Neno la tahadhari kuhusu historia yake. Ethiopia ilipiga marufuku wageni kuasili watoto Januari 2018, na kabla ya hapo ziligunduliwa kesi ambazo maelezo kuhusu wazazi wa mtoto hayakuwa ya kweli. Mwambieni binti yaliyoandikwa, mkieleza kwamba hivyo ndivyo yalivyoandikwa, wala msijazie mapengo kwa hadithi nzuri. Msimtume mtu kwenda kutafuta ndugu zake kabla yeye mwenyewe hajaomba. Ndege zipo kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Addis Ababa, na Wolayta iko kilomita zaidi ya 300 kutoka hapo kwa barabara, safari itasubiri. Septemba ijayo muulizeni wiki chache kabla kama anataka kusherehekea na kwa namna gani, na akisema hataki, pikeni chakula cha kawaida. Hati zake toeni nakala, mzitunze mahali pawili tofauti, na yeye aonyeshwe zilipo.