Usiangalie V, tafuta Wh: kwa mdau anayetaka kumtumia mzee msumeno wa betri

Usitume hiyo hela. Kama umeshatuma, piga simu sasa hivi, mzigo usipande basi la Kyela.

Nimesoma bandiko lako mpaka chai ikapoa. Uko Dar, mzee yuko Kiwira, mama anapikia kuni, baridi ya mwezi wa sita na wa saba inawatesa, na nyuma ya nyumba kuna milingoti (mikaratusi) iliyoangushwa na upepo inalala tu. Umeona msumeno wa betri mtandaoni kwa laki moja na sitini na tano, betri mbili, chaja, miwani na glavu juu, na ubavuni umeandikwa "398V". Unauliza kama ni mzuri, unakula umeme kiasi gani, mzee wa miaka 68 anauweza, vipuri vinapatikana Mbeya mjini, na kama anaweza kuwakodishia majirani hela irudi. Mimi nina jibu la swali moja, lakini ndilo lililonitoa jasho.

Volti 398 hazipo kwenye hicho kidude. Soketi ya TANESCO hapo ukutani kwako ni volti 230. Kweli unaamini kiboksi cha plastiki kinachoenea kiganjani kina volti nyingi kuliko ukuta wa nyumba? Mimi niliamini. Changu kiliandikwa namba ndogo kidogo kuliko chako, nikajiona mjanja kwa sababu sikuchukua kile cha namba kubwa.

Humo ndani kuna seli tano za lithiamu. Seli moja ni volti 3.6, ikijaa pomoni inafika 4.2. Zifunge tano kwa mstari: 18 za kazi, 21 ikiwa imetoka tu kwenye chaja. Basi. Hata zile mashine za maana zinazoandikwa 20V ni hizi hizi seli tano, wao wamesoma mita betri ikiwa imejaa, na angalau huo ni uongo wa kistaarabu. Hiyo 398 ni mtu amekaa na kompyuta akachagua namba inayopendeza.

Sasa V peke yake haikuambii utakata kuni ngapi. Kinachokata kuni ni Wh (wati-saa, yaani nishati yote iliyomo kwenye betri): volti ukizizidisha kwa Ah (ampea-saa, 1Ah ni 1000mAh). Betri za hivi vidude nyingi ni 1500mAh, yaani 1.5Ah. Mara 18 unapata Wh 27. Hiyo simu unayosomea hapa, kama betri yake ni 5000mAh, ina Wh kama 19. Kwa hiyo unamtumia baba yako betri ya simu moja na nusu, ukategemea iangushe mlingoti. Msumeno ukivuta wati 500 tu, ambazo kwa gogo gumu ni chache, Wh 27 zinaisha kwa dakika tatu na sekunde kadhaa. Halafu ni lisaa na zaidi kwenye chaja.

Nieleze yaliyonipata ili usidhani nasimulia ya kusikia. Niko Mafinga, ambako ukirusha jiwe bila kuangalia linagonga mti. Msitu wa Sao Hill huu hapa, kuni si tatizo, tatizo ni kuzikata. Vijana wenye chensoo za petroli wako bize na mbao, ukimwita kwa kazi ya magogo mawili anakuangalia kama umemtukana. Nikasema nijitegemee. Nikakutana na video ya kijana mmoja, kofia imegeuzwa nyuma, anakata gogo kwa mkono mmoja huku anatabasamu. Zzzip, gogo chini. Baadaye, nikiwa nimeshaumia, niliirudia ile video taratibu. Lile gogo ni tawi bichi la mparachichi, limekatwa asubuhi ileile, maji yanachuruzika. Mparachichi mbichi hata kisu cha jikoni kinaingia. Na katikati ya kata video inaruka! Blade iko nusu, mara gogo liko chini. Sikuona hilo mara ya kwanza, na hapo sikuwa nimeonja hata ulanzi.

Gogo langu lilikuwa mlingoti uliopigwa jua msimu mzima. Wanaoujua mlingoti mkavu wameshaanza kucheka, chekeni tu. Msumeno ukala ganda vizuri, ukaingia kwenye mti wenyewe kama sentimita tatu, mlio ukashuka kutoka wiii kwenda ng'ng'ng', taa nyekundu, kimya. Nikachomoa betri, nikaipoza, nikarudisha. Wiii, ng'ng'ng', kimya. Mama watoto kasimama mlango wa jiko na sufuria mkononi, ananitazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Baba Neema, hiyo inakata au inanyoa?" Toka siku hiyo hapa nyumbani kinaitwa Kinyozi. Wageni wakija wanaonyeshwa.

Hadi hapo hasara ilikuwa ndogo, laki na kidogo, mtu anameza mate anaendelea. Kilichonimaliza ni kilichofuata, na hapa ndipo nakuomba usome taratibu maana muuzaji wako atakuimbia wimbo huuhuu. Nikampigia. Hakunikatia simu, tena ana heshima zote, bosi wangu hivi, bosi wangu vile. Akasema mashine haina shida, shida ni betri ndogo, chukua ile kubwa ya 7500mAh. Nikatuma hela. Ikaja, nzito kidogo, nikafurahi. Ikafanya kazi sawasawa na ile ya kwanza. Nikapiga tena. Ah, bosi, kwa kuni ngumu hiyo hapana, kuna 15000mAh na chaja yake ya haraka. Nikatuma tena! Sijui alinipaka nini. Nadhani ni kwamba mtu akishatoa hela mara moja, anatoa ya pili ili ile ya kwanza isionekane ya kijinga, na ya tatu kuilinda ya pili. Betri na chaja zilinila zaidi ya mara mbili ya bei ya msumeno wenyewe.

Ndipo nikampelekea fundi redio mmoja hapa mjini, mtu mzima, haongei sana. Akapima ile ya 7500mAh ikiwa imejaa: 20.6. Akafungua skrubu nne. Boksi lina nafasi ya seli kumi, ndani zimo tano, zimefungwa plastiki ya bluu, na upande wa pili kimebanwa kipande cha sponji ya godoro zisicheze. Akachukua kalamu, akaandika 1500 mara tano kwenye kiganja chake, akanionyesha bila kusema neno. 7500. Wamejumlisha mAh za kila seli. Seli zikifungwa kwa mstari volti ndizo zinazojumlishwa, mAh zinabaki zilezile za seli moja. Ile ya 15000 ilikuwa na seli kumi kweli, mistari miwili ya tano tano iliyoungwa sambamba, na hapo mAh za mistari ndizo zinazojumlishwa, kwa hiyo ni 3000mAh halisi, Wh 54. Kwa bei niliyoilipia! Fundi akanitoza elfu mbili, na hizo ndizo fedha pekee katika habari hii nzima ambazo sizijutii.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Nikasema Wh 54 si haba, nimalizie lile gogo. Nikalazimisha. Hivi vidude vingi havina tangi la oili ya cheni, unadondoshea kwa mkono kila baada ya dakika kadhaa, na mtu akiwa na hasira hakumbuki kudondoshea. Upanga, yaani lile bapa linalobeba cheni, ukaanza kufuka moshi, cheni ikabadilika rangi ikawa ya samawati kule ncha, mota ikatoa harufu ile ya waya kuungua. Kwisha. Ile chaja ya haraka nayo ilikuwa haijui betri imejaa, jioni moja nikakuta boksi limelainika kwenye pembe, nikalitoa nje kwa koleo. Kwa hiyo kama mzee ana tabia ya kuacha vitu kwenye chaja usiku kucha akalala, na wazee wote wana tabia hiyo, fikiria nyumba ya mbao za Kiwira na uamue mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sitaki mjadala: kabla hujauliza bei, uliza Wh. Muuzaji asipoijua, uliza V halisi na Ah, zidisha mwenyewe kwa simu. Akikuambia 398 mara 7.5, muage kwa heri. Chini ya Wh 50, hicho ni cha kupogolea chai, michongoma na matawi ya kipenyo cha mkono. Kuanzia Wh 90, yaani 18V na 5Ah ya kweli, unaweza kukata vigogo vya wastani bila kulia. Kwa magogo kama ya mzee, usishuke Wh 180: volti 36 na 5Ah, au ile mifumo inayobeba betri mbili za 18V 5Ah kwa pamoja. Hata ikivuta wati 1,000 mfululizo unapata dakika kumi na ushee za kukata kabisa. Zinaonekana chache, lakini hukati mfululizo: unakata, unasogeza gogo, unafuta jasho, unamjibu jirani anayeuliza umenunua wapi.

Nitakuambia na kinyume chake ili usiseme naichukia betri. Lita moja ya petroli ina karibu Wh 9,000. Injini hata ikitupa sehemu nne kati ya tano kwenye joto na kelele, zinabaki 1,800. Hizo ni Kinyozi zaidi ya sitini na tano zilizojaa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema cha betri cha laki na sitini "kinaua petroli" natamani nimpe lile gogo langu abaki nalo. Lakini betri nzuri kwa kuni za nyumbani ni raha: hakuna kuchanganya oili na petroli, hakuna kuvuta kamba hadi bega liteguke, asubuhi ya baridi inawaka ukibonyeza. Ninayo sasa. Nilichofanya ni kuangalia kwanza drili niliyokuwa nayo, nikanunua msumeno wa kampuni ileile, mwili tu bila betri, kwa sababu betri zinaingiliana. Muulize mzee kama ana fundi seremala au mtoto wa jirani mwenye drili ya maana ya betri. Hapo unaweza kuokoa nusu ya hela.

Umeme usikuumize kichwa. Uniti moja ya LUKU ni Wh 1,000. Betri ya Wh 180 ukiijaza, pamoja na kinachopotea kwenye chaja, haifiki robo ya uniti.

Na hiyo milingoti msingoje ikauke ndiyo mkate, kama ilivyo desturi yetu. Ikatwe sasa ikiwa bado na maji, vipande vya urefu wa kuingia jikoni, ipasuliwe na shoka na kabari, ipangwe chini ya paa upepo upite. Ikishapasuliwa inakauka upesi kuliko gogo zima, na kwa kuwa umekata mti ukiwa na maji, betri inakwenda mbali zaidi. Oili ya cheni inunuliwe ya cheni. Ile oili chafu ya gari wanayoipenda wenzetu ina chembe za chuma, inasaga upanga na kuziba pampu. Tupa ya kunolea cheni ndogo ni ya duara milimita 4, mara nyingi, ila angalia namba kwenye cheni yenyewe. Cheni butu inamaliza betri haraka kuliko gogo gumu, na ukiona inatoa unga badala ya vipande vya chengachenga, simama unoe.

Mzee: mikono miwili muda wote, na ncha ya upanga isiguse kitu. Sehemu ya juu ya ile ncha ikigusa gogo lingine, msumeno unaruka kuja usoni kabla hujasema mama. Hivi vidogo vinavyotangazwa kwa mkono mmoja ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu ule mkono wa pili unakuwa umeshika tawi linalokatwa. Kijana wa kofia hakutuonyesha hilo.

Hayo mengine ya vipuri na kukodisha wapo wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, humu watakujibu. Wewe mwambie huyo muuzaji akupigie picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye betri, siyo ya boksi wala ya msumeno. Iweke hapa chini. Akisema betri haina karatasi, mwambie unampa pole.