Jibu: Vivuli vya magari vya Gran Turismo 7 na saketi mpya

Asalaam alaykum ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama picha za vivuli anazotoa Yamauchi, mtayarishaji wa gemu ya mbio za magari ya PlayStation, Gran Turismo 7, kabla ya sasisho zinathibitisha saketi (njia ya mashindano) mpya, ili ununue bando mapema.

Hazithibitishi. Vivuli vile ni vya magari tu. Kwanza tazama saketi zilizoongezwa huko nyuma, kwa mfano: Spa ilikuja Aprili 2022, Watkins Glen Juni 2022, Grand Valley Februari 2023, Lake Louise Novemba 2023, kisha Eiger Nordwand Julai 2024. Lake Louise na Eiger zimepishana miezi 8, na katikati yalipita masasisho yenye magari bila saketi hata moja. Kwa hiyo kuona gari la rali kwenye kivuli si dalili ya njia ya theluji.

Grand Valley na Eiger zilikuwamo kwenye matoleo ya zamani ya Gran Turismo. Ndiyo maana naipa uzito saketi ya zamani kama Apricot Hill kuliko orodha ya saketi inayosambaa WhatsApp bila chanzo.

Bando nunua maelezo rasmi yakishatoka. Bonyeza Options juu ya ikoni ya gemu, kagua sasisho, na uache nafasi ya ziada kwenye diski. Ikikosekana, upakuaji husimama.